Nilianza Kitabu Mwishoni

Jumapili, Njoro. Tangu asubuhi mvua imekuja ikaondoka mara tatu, kama mtu anayetafuta choo cha jirani. Mimi pia situlii. Nimechemsha chai, nikaisahau, nikachemsha tena.

Ni kitabu kimenifanyia hivi. Tena cha watoto!

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa dunia. Nimekuwa tanboi, utingo wa lori, mpaka Juba. Nimekula samaki Jinja, nimelala Kigali, nimetukanwa kwa lugha saba na nikajibu kwa zote. Shule tu ndiyo niliiacha kidato cha pili, na mwaka huu nimerudi kuimalizia kwa darasa la watu wazima, kila Jumamosi.

Sasa, darasani tuna nakala moja tu ya hiyo hadithi. Ni ya zamani, jalada limeliwa na panya, panya wa kweli. Mwalimu Chebet alichukua wembe akaikata vipande sita, akashona kila kipande kwa uzi wa gunia. Unasoma chako, wiki ijayo mnabadilishana. Mimi nikaangukiwa na kipande cha sita.

Huko mwishoni, joka anaamka baada ya kulala msimu wote wa baridi. Mbele ya pua yake amesimama panya mdogo. Joka anamuuliza, "Wewe ni nani?" Panya anajibu, "Mimi ni rafiki yako. Nitakueleza tena, nina wakati." Basi, imeisha.

Nilicheka mpaka nikasimama. Nikawaambia darasa huyo panya hana akili, na hilo joka lina madharau.

Mama Wairimu, muuza maziwa anayekaa dawati la mbele, akageuka. "Wewe wa Juba na Kigali, umeona mlango wa nyuma tu na ushajua nyumba yote?"

Jana nikapata kipande cha kwanza, na cha pili nikakiomba kwa Mama Wairimu. Kumbe ule ulikuwa usingizi wa uchawi, wa kusahaulisha kila kitu, na aliyerogwa nao ni panya. Joka aliumeza yeye, ili rafiki yake apone.

Nilifunga kipande nikatoka nje. Niliambia watu machozi ni ya moshi.

Kwa sababu nilimkumbuka Wafula. Tulifanya kazi lori moja miaka minne, yeye dereva. Malaria iliponiangusha mpakani, alinibeba mgongoni mpaka hospitali, akakaa na mimi siku tatu, na mwenye lori akamfuta kazi kwa kuchelewesha mzigo. Hakuwahi kunitajia hiyo kazi. Hata mara moja.

Akahamia Kihoto, kule Naivasha. Ziwa lilipofurika likaingia nyumbani kwake, alinipigia simu nikamsaidie kutoa vitu. Nilikuwa na vijana kwa kibanda cha chai, nikataka kuwachekesha. Nikamwambia, "Nunua mtumbwi, buda, uvue samaki jikoni!" Wakacheka. Nikakata simu.

Sikuenda.

Tangu hapo hashiki simu zangu, na mimi nimeambia Nakuru nzima Wafula ameanza maringo. Kumbe hadithi yake nimekuwa nikiisimulia kuanzia kipande cha sita.

Leo saa nane nilimpigia kwa simu ya Mama Wairimu. Yangu asingeshika.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

Nilikuwa na mzaha tayari kwa ulimi. Nikaumeza.

"Mimi ni rafiki yako," nikasema. "Yule wa malaria. Nilikukosea siku ya maji. Nitakueleza yote, nina wakati."

Nikasikia mvua ya kwao, na mtu anasukuma maji kwa ufagio.

"Maji yameingia tena ndani tangu juzi," akasema. "Kuja kesho na gambuti. Mdomo uache Njoro."

Nimezunguka hii nyumba tangu saa hiyo. Gambuti Mama Wairimu ameniazima zake za kukamulia, zinanibana vidole. Huo mdomo sasa, nitauachia nani?