Mguu Wako Ulisahau Umevaa Gambuti

Baba Zainabu, mtani wangu, Mmakonde usiye na adabu hata huko uliko,

Sikusalimu. Tangu lini mimi na wewe tukasalimiana kama watu? Ukiniona tu ulikuwa unauliza kama kwetu Lupaso bado wamebaki panya, au Wamakua tumewamaliza wote. Leo niulize. Niulize lolote, hata hilo la panya, nitakujibu vizuri.

Huku Newala kipupwe kimekaza. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni, unaingia mpaka jikoni, hujui moshi ni upi na ukungu ni upi. Mama Agnesi anasema mwaka huu baridi ni ya kawaida. Mimi naona siyo. Au ni mimi.

Naogopa, mtani. Nimelisema. Mimi niliyevuka Ruvuma nikakaa Msumbiji mpaka wenyeji wakaniomba niwafundishe kucheza ngoma yao. Mimi niliyelala stendi ya Dar nisiibiwe hata kofia. Niliishia darasa la tano, lakini nikimwambia mzungu gudi moningi ananijibu kwa Kiswahili, kwa heshima. Mtu kama huyo, anaogopa mteremko wa barabara.

Wewe ulikuwa mbele, hukujua nilichokuja kukijua mimi. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka ile Jumamosi ya mnada uliponunua gambuti. Miaka yote tulishuka bondeni kupuliza mikorosho tukiwa na katambuga za tairi la gari, na tulijua kwa nini. Breki za baiskeli zetu ni za kuonyesha wageni. Breki yenyewe ni mguu: unanyanyua kulia, unaweka soli juu ya tairi la mbele, mpira kwa mpira, baiskeli inatii kama mbuzi aliyeshikwa sikio. Lakini kazi yetu haina huruma na vidole. Salfa, ule unga wa dawa, haisubiri jua, lazima ikute umande kwenye majani, la sivyo unga wote unaruka kwa jirani na mkorosho unabaki na ugonjwa wake wa ubwiriunga. Basi tunashuka alfajiri, miguu imekufa ganzi, tunapuliza mpaka jua litoke, na ile salfa inaingia kwenye nyufa za visigino inawasha kama pilipili. Ukasema umechoka. Ukavaa gambuti zako nyeusi palepale mnadani, ukatembea mbele ya watu umeinua magoti, unatangaza:

"Leo Mmakonde ana miguu ya bwana shamba!"

Nikakwambia hizo ni ndoo mbili. Ukanijibu, "Kaa na vidole vyako vya kuku, Mmakua."

Asubuhi ile ya mwisho ulifunga mashine ya kupulizia kwenye keria, mimi nikabeba mifuko ya salfa. Ulikuwa unaimba, nami nakufuata kwa kusikia tu, maana ukungu ulikumeza toka tulipoanza kuteremka. Kabla ya kona nikasikia soli inateleza. Mlio mfupi, kama mtu anavuta kidole kwenye sahani iliyolowa. Halafu vyuma. Halafu hukuimba tena. Nilisikia harufu ya petroli kabla sijakuona.

Gambuti ina soli laini, na ilikuwa imelowa, na ina matope. Ilitoka juu ya tairi ikaingia kwenye spoku. Wewe ulijua umevaa gambuti, ulinitambia njia nzima. Mguu haukujua. Mguu ulifanya ulivyozoea kufanya.

Hilo ndilo linalonitetemesha. Kwamba kichwa kinaweza kuwa na akili zake zote, na mguu ukakuua kwa mazoea.

Msibani nilifanya kazi yangu ya utani, usinidai. Nilivaa kofia yako, nikapanda baiskeli ya shemeji yako, nikazunguka uwanja huku nimetoa mguu mmoja nje kama unavyokaaga ukiringa. Nililala mbele ya jeneza nikakataa lisipite mpaka mtu aniambie nani atanitukana kuanzia leo. Wazee walicheka. Mama Zainabu alicheka akiwa ameziba mdomo kwa khanga. Mtani haruhusiwi kulia, nami sikulia. Ningelia siku ile labda leo ningekuwa mzima.

Kwa sababu tangu hapo nafika pale juu barabara inapoanza kuinama, nasimama. Mikono inashika usukani, haiachii. Nageuza baiskeli, narudi nyumbani. Watu wakiuliza nasema pancha. Nasema malaria. Nimeugua malaria ambayo mbu wenyewe hawaifahamu.

Nikajidanganya kwamba tatizo ni viatu. Nikavaa katambuga na soksi mbili mbili, soksi zikalowa kabla sijatoka uani. Nikaenda Masasi kwa basi, kwenye viatu vya mtumba, nikachambua lundo zima. Kijana muuzaji akanionyesha raba za mpira zenye meno chini. "Baba, hizi hazitelezi hata kwenye sabuni." Nikazipindapinda, nikanusa, nikauliza zilikotoka kama vile nazioza binti. Akachoka. "Sasa Baba, unataka kiatu cha kazi gani?"

Nikazirudisha raba kwenye lundo. Nilitaka kumwambia: cha kutokufa. Nikamwambia nitarudi.

Sasa sikia la nyumbani kwako. Mikorosho yako kule chini imeanza kutoa maua. Unajua maana yake. Wiki hii isipopata salfa, maua yatakauka meusi, na Zainabu hana akiba ya kungoja mwaka mwingine. Mama Zainabu yuko eda, hatoki, hawezi kushuka kuiona wala kutafuta mtu. Mtu wake ni mimi. Mashine imenyooshwa, inawaka kwa mvuto wa kwanza, iko kwangu chini ya kitanda inaninukia petroli.

Jana nilikwenda kumjulia hali. Anaongea nami nyuma ya pazia la mlango. Nilikuwa nimeandaa malaria nyingine mpya. Hakuisubiri.

"Shemeji, unapaogopa pale."

"Mimi? Mimi niliyevuka Ruvuma?"

"Zamani ulikuwa unaanza kelele ukiwa bado barabarani, tunajua Baba Agnesi anakuja. Leo umepiga hodi kama mpima ardhi."

Nikacheka. Kicheko kikatoka kibaya, kikakatikia katikati. Nikasikia anafuta pua. Kisha akasema, "Na mimi napaogopa. Naota breki." Kuku wako yule jogoo mwenye kiburi akapita katikati yetu akaingia ndani.

Halafu, kutoka nyuma ya pazia: "Lakini shemeji, nani alikwambia lazima ushuke umekaa? Mkorosho hauulizi umefikaje."

Mtani, nilikaa pale kwenye benchi lako kama niliyepigwa teke. Maana kweli, haikunipitia hata mara moja kwamba mtu anaweza kuuteremka ule mteremko kwa miguu. Tumeushuka kwa baiskeli toka tukiwa vijana. Kuikokota ni kupanda nayo. Kushuka ni kukaa. Mguu wangu ulijua hivyo, na kichwa kikaufuata kama mjinga.

Basi leo asubuhi nimepanda tena basi la Masasi. Yule kijana aliponiona alitaka kujificha. Nimechukua gambuti, si zile raba. Zina meno kidogo, lakini sikuangalia sana meno, kwa kuwa tairi hazitaligusa. Nimezijaribu nikiwa na soksi moja tu. Miguu ina joto, bwana. Ulikuwa na haki kuhusu joto, na sikupata nafasi ya kukwambia.

Kesho nitaondoka mapema kuliko tulivyokuwa tunaondoka. Mashine kwenye keria, mifuko juu yake, nami pembeni nimeshika usukani, nashuka hatua kwa hatua kama bibi anayepeleka ng'ombe kisimani. Vijana watanipita wakinizomea. Wazomee. Sitapanda pedeli mpaka nifike tambarare. Nakuahidi mikorosho yako nitaipuliza yote, na nitairudia mpaka maua yashike, na Mama Zainabu akitoka eda atakuta korosho, si fimbo kavu.

Usidhani woga umeisha. Ninapoandika hapa nimeinuka mara tatu kuangalia kama tairi zina upepo, na Mama Agnesi ameniuliza nina nini. Ile kona bado iko palepale, na ukungu utakuwepo.

Lala salama, Baba Zainabu. Nitakuombea kwa dini yangu, wewe utaifasiri kwa yako. Ila nina ombi moja na halina utani ndani yake. Kesho ukinisikia napita pale, na baiskeli inalia mnyororo, na mimi napumua kwa nguvu, nyamaza. Usiimbe, usinitukane, usiniite jina. Niache nipite.

Mtani wako,
Baba Agnesi