Nobu ya Mwendo

Mohoro,
21 Julai 1996

Kwako Kaka Yussuf,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini waraka huu utakukuta huko Gerezani, Dar es Salaam, u mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi hapa tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua tangu mvua zilipokatika, na mdogo wetu Salwa ana mafua. Mpunga wa bondeni umetoka vizuri na mashine ya kukoboa haipumziki. Mama anakusalimu sana. Mjomba Abdalah naye anakusalimu, na anauliza ile kofia uliyomwahidi Idi iliyopita kama bado inashonwa.

Kaka, najua huwa unasoma barua zangu ukiwa na wateja mbele yako, ukaruka mistari. Hii tafadhali usiiruke. Nimeiandika kwa kufuata shajara yangu, tarehe kwa tarehe, kwa hiyo sitakuandikia jambo nisilokuwa na hakika nalo.

Utakumbuka mwaka jana, yule mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyetufundisha besiboli pale sekondari alituma habari kwamba kijana mmoja wa huku kwetu atachaguliwa kwenda kwao miezi sita, kujifunza mchezo pamoja na ufundi wa mitambo. Waliobaki kwenye orodha tulikuwa wawili, mimi na binamu yetu Mfaume. Mtihani ulikuwa mmoja tu: kupiga mipira ishirini itakayorushwa na mashine, kwa mwendo wa kilomita mia kwa saa. Nilikuandikia nikasema nani atanirushia mpira kwa mwendo huo hapa Mohoro, Salwa? Ukanijibu kwamba kontena la mitumba limefunguliwa jirani na duka lako, na ndani yake mna mashine mbili za kurusha mipira.

Zile barua zetu za kuchagua ninazo zote. Moja ilikuwa na mkono wa chuma na springi, nyingine ilikuwa na magurudumu mawili ya mpira yanayozunguka na kuutema mpira katikati. Ulipenda ile ya mkono kwa sababu ilikuwa nyepesi. Mimi nikauliza springi ikikatika huku nitaipata wapi, na kama inakubali betri ya gari. Ukaenda ukaitazama tena, ukaniandikia kwamba ya magurudumu inakubali betri, na matairi yake yanajazwa upepo kwa pampu ya baiskeli. Basi tukakubaliana hiyo. Siku ile nilijisifu kwa watu kuwa nina kaka.

Ilifika tarehe 14 Januari. Ilivuka mto pale Ndundu kwa pantoni, ikashushwa Nyamwage, na kutoka hapo nikaileta kwa mkokoteni. Niliifunga nyuma ya jiko, nikazungushia nyavu kuukuu za wavuvi wa Mbuchi ili mipira isiende kwa majirani. Kila asubuhi kabla ya kufungua mashine ya mpunga nilipima upepo wa matairi yote mawili, maana moja likilegea mpira unapinda. Nilifuta matairi kwa kitambaa kikavu, nikatazama maji ya betri, nikatia grisi kwenye bearingi kidogo tu isije ikagusa tairi. Mipira iliyolowa umande niliianika kwanza. Yote nimeyaandika.

Siku moja, tarehe 26 Februari, mpira wa kwanza ulipaa ukavuka paa la Mzee Tamimu, wa pili ukatua katikati ya ungo wa Mama, mchele ukatawanyika uani kwa kuku. Nikapima upepo, sawa. Nikapima betri, sawa. Kumbe Mama aliyaona matairi yameanza kupasuka kama visigino, akayahurumia, akayapaka mafuta ya nazi. Nilipomwuliza alisema ngozi ni ngozi, na kwamba kama hatukutaka yapakwe tungemwambia mgeni wetu anapenda nini. Salwa alicheka hadi akakaa chini. Nikayaosha kwa maji ya sabuni, yakarudi hali yake.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Tarehe 12 Machi Mfaume alirudi kutoka Dar es Salaam. Aliniletea barua yako ya tarehe 3 Machi na kopo la grisi. Uliandika, "Kazana mdogo wangu, Japani inakungoja." Mfaume akaomba naye awe anafanya mazoezi kwangu, na akajitolea kunisaidia kuisafisha mashine. Nikaona ni haki. Binamu hanyimwi kitu, na hata ukimnyima atakichukua huku anakucheka.

Baada ya siku chache Salwa, ambaye ndiye aliyekuwa akitudakia na kutuokotea mipira, aliniambia kwamba mashine imeingiwa na adabu, mipira siku hizi inakuja kama imetumwa dukani. Nikamwonyesha ile nobu ya mwendo, kama ya redio ilivyo, mshale wake uko kwenye mia. Nikamfungulia na shajara. Alinijibu kwamba yeye hajui mshale, anajua mikono yake, na mikono yake haiumi tena. Nikamwambia asome kwanza hesabu. Mfaume kila ikifika zamu yake alizungusha mshale hadi mia na thelathini. Nikamtania kuwa anajionyesha kwa kuku wa Mama, maana mtihani ni mia. Akacheka, akaendelea kupiga.

Tarehe 25 Mei, Dar es Salaam, ulikuwepo uwanjani, uliona. Mpira wa kwanza ulinipita kabla sijanyanyua gongo. Nilidhani wamekosea mwendo. Nikaomba wapime, wakapima, ilikuwa mia. Nilipata mipira mitatu kati ya ishirini. Mfaume alipata kumi na minne. Ulinishika bega ukaniambia riziki haivutwi kwa kamba.

Tarehe 2 Juni niliifungua mashine nzima. Ile nobu ilikuwa imefunguliwa skrubu, ikasogezwa, ikafungwa tena. Alama za bisibisi zilikuwa mpya. Nikaja kupima mwenyewe, kwa umbali na saa ya Mzee Tamimu. Mshale uliposema mia, mpira ulikuwa unakwenda sabini. Miezi miwili na nusu, Kaka, nilijifunza kupiga sabini.

Nikampeleka Mfaume kwa Mjomba Abdalah. Mjomba alisikiliza yote, akacheka mpaka akatoa kofia. Akasema tangu lini binamu akamshitaki binamu, huo ni utani, na mimi kama nimeumia niende bandani kwa Mfaume nichukue mbuzi, hakuna atakayeniuliza. Waliokuwepo barazani wakanipigia makofi wakiniambia nichague jike. Mfaume peke yake hakucheka. Nilidhani ni kiburi.

Jumapili iliyopita, tarehe 14, alikuja kuaga. Mama alikuwa amemwandalia chai na vitumbua. Hakula. Alisema hawezi kupanda ndege na kitu kile mfukoni, akanipa karatasi, akatoka bila kunipa mkono.

Kaka Yussuf, karatasi ile ni ya tarehe 3 Machi. Imechanwa kwenye daftari lilelile la barua yangu, wino uleule, kijani. Mwandiko siwezi kuukosea, wewe ndiye uliyenifundisha kuandika. Unamweleza Mfaume afungue skrubu ndogo ya pembeni na asogeze nobu kidogo kidogo, si kwa siku moja. Unamwambia hutaki nimshinde, kwa sababu nikiondoka, Mama na mashine ya mpunga wataangukia kwako, na wewe duka lako ndiyo kwanza linasimama. Halafu umeandika, "Usiogope, hatagundua. Talib huamini tarakimu kuliko macho yake."

Hapo ndipo nilipoumia. Ungeniambia nibaki, ningebaki. Unajua ningebaki.

Mama hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea, mara mbili kama alivyotaka. Kisha akasema nikuandikie neno moja, kwamba chumba chako kimefagiliwa.

Yule mwalimu wa Japani amenitafutia kazi ya kutunza vyombo vya maabara na karakana kule Kibiti, na jioni nitawafundisha wanafunzi kupiga mpira. Naondoka Jumatano tarehe 24. Mashine ya mipira naenda nayo. Nobu nimeirudisha mahali pake. Mashine ya mpunga nakuachia. Funguo zake zimo ndani ya bahasha hii. Mkanda umeanza kulegea, ukaze kabla ya kuwasha, na wateja wa Mbuchi hufika alfajiri, usiwaweke. Mpaka utakapofika, Salwa ataiwasha, nimemfundisha.

Mpe salamu shemeji, wapakate watoto kwa niaba yangu, na majirani wote wa Gerezani wanaonikumbuka. Mungu akulinde safarini.

Na jambo la mwisho. Kile kipimo cha mafuta kwenye tangi la mashine ya mpunga kimekufa zamani, kinaonyesha limejaa siku zote. Usikiamini. Chovya kijiti, utazame kwa macho yako.

Ni mimi mdogo wako,
Talib