Wiki Nne za Sabuni ya Epiphanie

Kambi ya Dzaleka,
Dowa, Malawi.
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa mjukuu wangu Fabrice,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Baridi ya huko Kanada imeisha? Kikohozi chako kimepona? Na Nella mkeo, anakula? Kwenye picha ya mwisho nilimwona amekonda, na wewe umenenepa, sasa sijui katika nyumba hiyo nani anashika mwiko. Mi niko. Goti la kushoto linanisumbua, lakini asubuhi naamka, nasimama, namshukuru Mungu.

Barua hii inaandikwa na Arlène, jirani yangu, yule anayefundisha batoto kanisani. We unajua mi sikukanyaga shule. Nimemwambia aandike vile ninavyosema, asinipambe. Ameshaanza kunipamba, nimemfutisha mara mbili. Anayekuletea ni Irangabiye. Jina la familia yao limetoka kwenye orodha ya wanaohamia huko Kanada, wanapanda ndege Alhamisi. Kwa simu nisingeweza. Kwa simu ungesema "pole, Koko," halafu ungeniuliza habari za Area 25.

Najua unangoja jibu. Umetutafutia chumba kule mjini, Area 25, unataka tufungue ateliye ya pili ya sabuni kwa utaratibu uleule ulionifundisha, na mi nikuambie ndiyo au hapana. Jibu nitakupa. Kwanza unisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya zamani. Nduwayo anakoroga mafuta na maji ya soda kali ya sabuni mpaka yashike kama uji mzito, anamwaga kwenye masanduku. Kesho yake bamama wanakata kwa waya, wanapanga kwenye rafu, na sabuni inakaa hapo wiki nne ikauke, iache ukali. Kipande hiki amekata nani? Hakuna aliyejua, hakuna aliyeuliza. Aliyekuja na homa tulimfukuza kwa matusi arudi akalale, na wenzake wakamkatia fungu lake. Kazi ilikwenda polepole na tulicheka sana. Mama anayetuuzia sokoni Tsoka alikuwa akinuna kila wiki kwamba meza yake iko tupu.

Njo ukanifundisha mambo ya primu. Kila mmoja awe na alama yake, tujue nani amefanya nini, na aliyewashinda wenzake apate kitu. Nikanunua vitenge. Jumatatu natundika kimoja kwenye kamba ukutani, Jumamosi mshindi anakishusha mbele ya wote. Nikawapa msumari wachore alama juu ya sabuni. Jeannette akachora msalaba, Annie duara, Fortunée vijiti viwili. Epiphanie alichora mstari na nukta mbili juu yake, kama pua na macho.

Ilifaulu, siwezi kukudanganya. Rafu zilijaa. Watu waliacha kuchelewa. Hata Nduwayo aliacha kukoroga kama mtu anayesinzia. Lakini bamama wakaanza kukata ovyo, na kutoa sabuni kwenye rafu kabla ya wakati, mradi hesabu ipande. Siku moja mama wa kule Biwi akaturudishia vipande vilivyomchubua mtoto wake. Nikaweka sheria, na hiyo ilitoka kichwani mwangu, si kwako: kipande kinahesabiwa siku kinapotoka kwenye rafu, baada ya wiki zake nne, kikiwa kikavu na kimenyooka. Mi mwenyewe njo nakagua.

Epiphanie alikuwa Mrundi wa Ruyigi, mjane, mama wa Akeza, binti yake wa pekee, wa miaka ishirini. Mikono yake haikuwa na mfano. Waya ukiingia kwenye sabuni huusikii. Akashinda, akashinda tena. Jeannette akawa anamchokoza: "We Epiphanie, vitenge vyote hivyo utavaa siku gani?" Naye anamjibu bila kuinua kichwa: "Nitavivaa vyote siku moja, na wewe utanishikia mkia."

Mwanzo wa Machi, mvua ikiwa bado inanyesha, Jumatatu moja akaja anatetemeka. Nilimwona, Fabrice. Alikuwa amekaa juu ya bido tupu la mafuta lililopinduliwa, amejifunika, waya unamcheza mkononi. Nikamwambia, "Mshindi wangu, leo vipi?"

"Baridi tu, Koko."

"Basi kata, utapata joto."

Watu wakacheka. Na mi nikacheka. Tsoka walikuwa wanangoja mzigo. Nimezaa saba na nimezika wanne. Homa naijua ikiwa bado iko mlangoni. Ile niliiona na nikaifanyia utani.

Hakuna aliyemwambia nenda nyumbani, siku ile wala siku zilizofuata. Zamani wangemburuta. Lakini sasa kila mmoja alikuwa na alama yake. Ukimkatia mwenzako kwa alama yake unajipunguzia. Ukimkumbusha alale, labda atakuambia unataka kitenge chake. Na akilala, kitenge ni chako. Hakuna aliyemtakia mabaya, naapa. Kila mmoja alikuwa na sababu ndogo tu ya kunyamaza, na mi pia nilikuwa na yangu.

Ijumaa alianguka juu ya meza. Tukamkimbiza kliniki kwa kabaza, Jeannette amemshika kwa nyuma juu ya baiskeli asidondoke. Jumapili akafa. Jumatatu tukamzika, na mvua ilinyesha mpaka ndani ya kaburi.

Sasa sikia lililonifanya nisilale. Jumamosi iliyofuata nikatoa kwenye rafu sabuni zilizotimiza wiki nne. Nikahesabu kwa vidole vyangu kama siku zote. Epiphanie alishinda.

Nilihesabu tena. Alishinda. Mtu tuliyemfukia siku tano kabla alikuwa amewapita wote waliosimama mbele yangu. Nikashusha kitenge, nikampelekea Akeza. Akakipokea kwa mikono miwili, akaniwekea kiti.

Jumamosi ya pili akashinda tena.

Hapo bamama wakaacha kusogelea rafu ile. Wakifagia, wanaiacha. Fortunée akasema vile vipande vinamtazama. Annie akavigeuza vyote viangalie ukuta, na kesho yake asubuhi tukakuta vimerudi, macho yote kwetu. Fortunée alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Baadaye Nduwayo akaniambia ni yeye aliyevigeuza. Anasema mtu hageuziwi uso ukutani kama mwenye deni. Nikamtukana, lakini moyoni nilimpa haki.

Jumamosi ya tatu akashinda. Nilipofika kwa Akeza na kitenge, safari hii hakunyoosha mikono. Akaniuliza, "Koko, mama yangu anafanya kazi mpaka lini?"

Nikamjibu imebaki wiki moja kwenye rafu. Akasema, "Basi Jumamosi nitakuja mwenyewe."

Akaja, asubuhi, kabla ya wote. Akasimama kando ya meza, hakutaka kiti. Nikaanza kutoa sabuni za wiki ile, wiki ya homa. Kila mwenye alama nikampangia mbele yake. Nilipofika kwenye za Epiphanie, nikazipanga kwa siku alizozikata. Vipande vya Jumatatu vilikuwa vimepinda kidogo. Vya Jumatano upande mmoja mnene, upande mmoja mwembamba. Vya Alhamisi vilikuwa na alama za vidole vilivyozama, pale alipokuwa akijishikilia asianguke. Ile pua na yale macho yalikuwa yamechorwa pembeni, kila mahali, kama yamechorwa na mtu aliye ndani ya gari linalokimbia. Kwa wiki nne sabuni ile ilikaa pale ikikauka na kushika ugonjwa wake wote, siku kwa siku, na mtu yeyote angeweza kuusoma, hata mi nisiyesoma.

Kwa sheria yangu, vipande vilivyopinda havihesabiwi. Wote wakanitazama. Annie akaninong'oneza, "Hesabu tu, Koko. Mpe mtoto kitenge, yaishe."

Nikasema hapana. Nikamgeukia Akeza. Nikamwambia, "Hizi sizihesabu. Nikizihesabu nitakuwa namsifu kwa kufanya kazi akifa. Hizi zilikatwa mbele yangu. Nilikuwa nimekaa pale. Nilijua ni homa, na sikumwambia arudi nyumbani, kwa sababu nilitaka mzigo wa Tsoka."

Nilidhani dari litaniangukia. Nduwayo akaweka mwiko wake chini. "Na mimi niliona," akasema. Jeannette akaanza kulia kabla ya kufungua kinywa: "Na mimi. Nilisema moyoni, wiki hii njo yangu." Annie akasema na yeye aliona. Fortunée akainua mkono tu, kama mtoto darasani.

Akeza alitutazama mmoja mmoja. Hakulia, hakupiga kelele. Akasema, "Basi mlikuwa watano."

Akakusanya vipande vile vilivyopinda ndani ya kanga yake, akaenda.

Nilijua sitamwona tena. Jumatatu nikafika, nikamkuta amekaa mahali pa mama yake, waya mkononi. Anakata vizuri, lakini hachori alama, na tangu siku ile hakuna anayechora. Kamba ya vitenge niliikata mwenyewe. Sijui kama ametusamehe ao anatafuta tu cha kula. Sijamuuliza na naogopa kumuuliza. Hasemi zaidi ya anachoulizwa. Lakini ukikohoa anainua kichwa. Ukishika kiuno, anainua kichwa. Jumanne iliyopita Jeannette alipiga chafya mara tatu, na Akeza akaweka waya chini, akamshika mkono, akampeleka mpaka mlangoni, akamwambia, "Nenda." Jeannette mkubwa mzima akaenda bila viatu. Akeza akarudi akakata fungu la Jeannette, kisha lake.

Tsoka walipata mzigo mdogo wiki hiyo. Mama yule alinuna. Na anune.

Nilitaka kumtoa pale, nitasema kweli, kwa sababu macho yake yananichosha. Nikamwambia, mjukuu wangu anafungua Area 25, nenda ukashike kule, uwe mkubwa wa wengine. Akasema, "Hapana, Koko. Nitakaa hapa niwaone."

Basi jibu lako ni hili. Kwa utaratibu uleule, hapana. Sikulaumu, mwanangu. We ulinipa shauri kutoka mbali, macho yalikuwa yangu na yalikuwa karibu. Mtu anapenda kusifiwa kazi yake, hilo ulisema kweli, nililiona kwa Epiphanie, alivyokuwa akishusha kitenge kama bibi harusi. Lakini kabla ya kununua kitu cha kumpa anayeshinda, niambie kwanza: kule Area 25, nani atamwambia mwenzake "nenda ukalale", na akisema hivyo atapoteza nini? Kama atapoteza hata kijiko kimoja, usifungue. Ukipata jibu la hapo, nitakuja mwenyewe na goti langu kuwafundisha kukoroga.

Nisalimie Nella, umwambie ale. Nisalimie Rodrigue na batoto wake, na Christian kama bado mnasalimiana. Mnyooshe mambo yenu, ndugu hawagombani kwa ajili ya gari. Huku Arlène anakusalimu, Nduwayo pia. Mungu awafunike nyote, awape usingizi, na mlangoni kwa kila mmoja wenu awawekee mtu wa kuwatazama mkitoka na mkirudi.

Jambo la mwisho. Nilimwambia Akeza kwamba leo nakuandikia, nikamuuliza kama ana salamu. Akaniuliza, "Yule wa Kanada, alijua mama anaitwaje?" Nikakumbuka simu zetu zote. Nilikuwa nakuambia, mshindi wangu amekata hivi, mshindi wangu amefikisha vile, nawe unasema hongera. Nilimjibu ukweli, kwamba sikukutajia.

Anaitwa Epiphanie Nahimana. Ukijibu barua hii usinijibu mimi. Mwandikie Akeza, na uanze kwa jina hilo.

Akupendaye hata anapokugombeza,
Koko yako,
Nsimire