Mwaka Huu Musikate Kamba

Jumatatu, 31 Machi

Nimepanda tena kilima cha rezo, mahali pekee telefone inaposhika mtandao. Saa nzima ya kupanda, matope mpaka magotini. Mistari miwili ya rezo ikaja, ikaenda, ikarudi. Nimetuma ujumbe wa sita kwa lile shirika lililotuahidi daraja la chuma. Ule wa tano umesomwa tangu Ijumaa, alama mbili za buluu naziona kwa macho yangu. Kuna mtu ameketi mahali pakavu, ameusoma, amerudisha telefone mfukoni, amekwenda kula. Zamani mtu aliweza kujidanganya kwamba barua imepotea njiani.

Telefone nayo, ilipopata rezo kidogo, ikaniomba nisasishe programu. Nusura niitupe bondeni.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu kilalo kikatike. Kule Goma, darasani, naandika daraja. Hapa Ntoto ni kilalo, na kinafumwa kwa kamba za msitu. Mafuriko yalikichukua chote, hata kipande hakikubaki. Ng'ambo kuna mashamba na nyumba kumi na moja. Huku kuna soko, kanisa na kituo cha afya. Ng'ambo yuko dada yangu Riziki, mimba yake ya miezi minane na zaidi. Yule wa kwanza alizaliwa kwa taabu kubwa, na Mama Jeanne, mkunga wetu, alisema huyu azaliwe kituoni tu, si pengine. Mama yangu alivuka mapema Machi kwenda kumsaidia. Sasa wamenasa wote wawili.

Mtumbwi haupiti hapa. Ni mawe na maporomoko. Kuzunguka ni siku mbili za msitu, na msituni kuna watu wenye bunduki.

Jumatano, 2 Aprili

Bobini mbili, magurudumu makubwa ya waya wa chuma, bado ziko kando ya kanisa. Mbuzi wanalala kwenye kivuli chake. Kibao cha mradi kimesimama wima: mikono miwili inashikana, chini yake tarehe ya mwisho wa mradi. Tarehe imepita. Rangi ya kibao bado nzuri sana.

Mwaka jana shirika lilikuja, likapima, likaacha nyaya, likasema sementi inafuata. Namba zote ninazo. Waya ule unaweza kubeba lori. Lakini waya unataka kushikwa na beton, yaani zege, pande zote mbili, na sementi haikufika. Bila sementi ni chuma cha kufungia mbuzi. Mbuzi wenyewe wameshaelewa.

Chuo kimefungwa tangu vita iingie mjini. Nilikuja Noeli kwa wiki mbili, na huu ni mwezi wa nne. Mwaka wa tatu wa ujenzi, na kazi yangu ni kuchambua sombe, majani ya mihogo.

Nimepeleka mashini yangu, kompyuta ya mapajani, kuchajiwa kwa Papa Safari. Ana pano moja ya umeme wa jua sokoni, juu ya kibanda cha mabati, na waya zimening'inia kila upande. Ndiye pia mwenye kilalo, anayesimamia kufumwa kwake. Alirithi kazi hiyo kwa mjomba wake. Hajaniambia neno tangu Januari, ila "imejaa", betri ikijaa. Kuna watu hasira yao ni kelele. Yake ni adabu. Inaudhi zaidi.

Ijumaa, 4 Aprili

Watu wa kijiji wamekutana leo. Kilalo kitafumwa upya, hata kama majira ni mabaya. Desturi ni ileile: kila nyumba, ya huku na ya ng'ambo, inaleta kamba yake, iliyokatwa na watu wa nyumba hiyo, si ya kununua. Nyumba isiyoleta haivuki mpaka ilete. Kamba hukatwa Januari, mvua ikipungua, zinapokuwa ngumu. Sasa zimejaa maji. Zinateleza na zinavutika. Papa Safari amesema zitahitajika mara mbili ya kawaida, na siku mara mbili.

Haya. Niandike basi, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Januari walikusanyika kama kila mwaka, na mapanga, kwenda kukata kamba za kukarabati. Nilikuja na mashini. Nikawaonyesha mchoro wa daraja la chuma, unazunguka kwenye kioo, unaona juu, unaona chini. Watu walishangaa. Nikajisikia mtu. Nikasema, kwa sauti, mbele ya wote: "Mwaka huu musikate kamba. Ya chuma iko njiani." Wakanipigia makofi. Wakaniita Ingenieri. Wakarudi nyumbani na mapanga yao.

Papa Safari hakupiga makofi. Alikunja kamba aliyokuwa ameshaikata, akaiweka begani, akaenda.

Kilalo kisichokarabatiwa kikangoja mafuriko. Ninalitukana shirika kila siku. Lakini si shirika lililosema yale maneno.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya misa nimeshuka mtoni. Riziki alikuwa ng'ambo, juu ya jiwe letu la kufulia, Mama nyuma yake amemshika nguo asije akateleza. Mto unapiga kelele, huwezi kusikia mtu. Tukaongea kwa mikono. Akaonyesha tumbo, akaonyesha vidole vyote kumi: siku kumi bado. Kisha akachuma jani pana la taro, akalifungua mapajani kama mashini, akaanza kupiga herufi, shingo ameiinua kwa maringo. Ni mimi huyo. Mpaka Mama akacheka.

Nilicheka. Kisha nikakaa kwenye majani mabichi nikalia kwa hasira, uso nimeugeuza asinione.

Mita thelathini na nane. Nilizipima mwenyewe. Sote wawili tuna telefone. Kule kilimani yangu inaweza kunionyesha mechi ya mpira wa Ulaya. Hapa mtoni inawaka taa tu.

Nyumba nyingi zimeshaleta kamba. Yetu bado. Papa, baba yangu, ana homa, hawezi kusimama. Nikamwambia asijali, mimi nina mpango bora. Tufunge waya wa chuma kwenye miti miwili mikubwa, bila beton. Utakuwa mchango wa nyumba yetu. Nimepiga hesabu mpaka betri ikaisha.

Jumatatu, 7 Aprili

Amekuja! Animateri, mhamasishaji wa shirika, kwa pikipiki, koti la mvua la njano. Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye tope.

Alikuja kupiga picha za kufunga ripoti.

Sementi? "Dossier iko Kinshasa, dada." Basi tutumie waya hivyohivyo, nikamwambia, kuna mjamzito ng'ambo. "Apana, musiguse. Iko mali ya mradi." Nilipandisha sauti. Nilimwambia mambo ambayo Papa angenipiga kwa ajili yake. Wamama wakanivuta mkono. Yeye hata hakukasirika. Akatoa listi ya présence, ya mahudhurio, akaizungusha, na kila mtu akatia sahihi.

Na mimi nikatia sahihi. Mkono uliandika wenyewe, jina, kazi, nambari ya telefone. Kwenye kazi niliandika: mwanafunzi wa ujenzi. Ningeweza kujiuma.

Jumanne, 8 Aprili

Mali ya mradi na iende huko. Nimekwenda kwa Papa Safari na hesabu zangu. Wanaume walikuwa mtoni, wamesharusha mshale wenye uzi mpaka ng'ambo, wanavuta kamba ya kwanza. Nikamwonyesha: waya hapa, mti huu, mti ule, nguvu kiasi hiki. Akasikiliza mpaka mwisho. Hilo sikulitegemea.

Kisha akaongea nami, mara ya kwanza tangu Januari: "Muti inakuwaka munene kila mwaka. Kamba inaoza, tunaifungula, tunaifunga tena. Chuma yako haioze. Itakata muti shingo."

Akarudi kuvuta.

Miaka mitatu nimesoma nguzo. Nguzo za mbao, za chuma, za beton. Hakuna profesa aliyesema nguzo inaweza kunenepa. Nilisimama pale na karatasi yangu inalowa. Ningetamani awe mjinga, nimdharau kwa raha. Si mjinga.

Bado nyumba yetu haina kamba. Siku mbili nimezitumia kwa hesabu ya kitu ambacho hakitafungwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi, kitambaa cheupe ng'ambo. Mama anakipunga kwa mikono yote miwili. Si siku kumi. Ni leo.

Kamba tatu tu zilikuwa zimepita. Moja ya kukanyaga, mbili za mikono. Hakuna kuta, hakuna sakafu. Na desturi inakataza mtu kukanyaga kabla kilalo hakijakwisha kufumwa. Mama Jeanne alikuja na begi lake la materniti, la kuzalishia, akalifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Ana zaidi ya miaka hamsini, na magoti mabaya. Wote wakamtazama Papa Safari.

"Pita, Mama," akasema. Akavua viatu, akajifunga mwisho wa kamba kiunoni, akakaa chini, miguu imekaza kwenye mzizi. Wengine wakafanya hivyo nyuma yake. Na mimi nilivuta. Hakuna aliyenifukuza.

Alivuka kwa kusota, hatua kwa hatua, maji yanampiga miguu kwa sababu kamba zilikuwa zinavutika. Katikati alisimama. Alisimama muda mrefu sana. Kisha akaendelea.

Mchana wote nimekaa mtoni. Hakuna kitambaa tena.

Ijumaa, 11 Aprili

Riziki yuko hai. Mama Jeanne alimwahi yeye.

Kwa mtoto alichelewa. Alikuwa msichana.

Jumamosi, 12 Aprili

Wamemzika ng'ambo. Kamba zilikuwa sita sasa, na wachache wa huku walivuka, wale ambao nyumba zao zimeleta. Papa alitaka kwenda, akaanguka mlangoni. Hakuna aliyenizuia mimi. Nilifika mpaka kamba ya kwanza, nikaishika. Nikaiachia. Ningevuka kwa kamba ya nani?

Nilisikia wimbo kidogo, mto ulipotulia. Ndiyo mazishi niliyohudhuria.

Jumatano, 16 Aprili

Kilimani. Shirika limejibu. "Asante kwa ujumbe wako. Maoni yako ni muhimu kwetu." Ujumbe ule unajiandika wenyewe, najua jinsi unavyotengenezwa, ningeweza kuutengeneza mwenyewe. Sikujibu. Nilirusha mawe kilimani mpaka bega likauma.

Nyumbani nikafungua mchoro. Daraja likaanza kuzunguka kwenye kioo, safi, halina tope, halina mtu juu yake. Sikuwahi kuchora hata mtu mmoja juu yake. Nikalifuta. Mashini ikaniuliza kama nina hakika.

Ndiyo. Nina hakika. Laiti ningeulizwa hivyo Januari.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Homa ya Papa imeshuka. Anatembea kwa fimbo. Hajanilaumu hata mara moja, na kila siku nangoja anilaumu ili nimjibu kwa ukali. Leo kanisani alinong'ona tu: "Kesho tuende kukata." Sijui kama ninatosha kukata. Nilinoa panga mpaka chakula kikapoa.

Jumatano, 23 Aprili

Siku mbili msituni na Papa. Anakaa kwenye gogo, ananyoosha fimbo, mimi ninapanda na kukata. Nne za kwanza alizikataa. Ananifanya nizikunje, nizinuse, nisikilize zinavyolia. Ya tano aliipokea. Mikono yangu imechubuka yote. Leo nimeibeba begani mpaka mtoni, Papa nyuma yangu.

Kilalo kimekwisha. Kuta zimefumwa pande zote, sakafu ya miti imefungwa. Watu wanapita na mihogo. Nikafikiri nimekuja na kamba ya kutupa.

Papa Safari aliacha kibanda chake, telefone za watu zikiwa juu ya meza. Akatembea mbele yangu mpaka hatua ya kwanza, upande wa kushoto, akaweka mkono. Kwenye ufumaji kulikuwa na nafasi ya kamba moja, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Watu walikuwa wanapita kando yake siku zote hizi. Aliichukua kamba, akafunga mwanzo wake, akanionyesha fundo mara moja tu, mengine nikafunga mimi. Ilituchukua mpaka saa tisa. Mafundo yangu matatu aliyafungua, nikayarudia.

Mwisho wa kamba ulifika ng'ambo, nami niliufuata.

Riziki alikuwa juu ya jiwe la kufulia, amekaa, nguo chache pembeni, hafui. Alinitazama nikishuka. Hakuinua mkono. Kisha akazisogeza zile nguo, nikakaa.