Kipimo Kilichokataa Kurudi Sifuri

Mtani wangu Beda,

Kwa masikitiko makubwa, wafanyakazi wote wa redio yetu wanakutangazia kifo cha birika la umeme la studio, kilichotokea Jumanne baada ya kuugua kutu kwa muda mrefu. Habari ziwafikie ndugu zake, sufuria zote za Mwembesongo, popote walipo. Aliyelisahau hadi likakauka ni mimi. Chai sasa tunaagiza kwa mama ntilie, inafika imeshapoa.

Mengine ni haya. Stesheni binafsi zimezidi kuwa nyingi, ukizungusha redio kidogo tu unaangukia nyingine. Sisi bado tuna ile kompyuta ya mtumba, na ndani yake programu uliyoiandika mwenyewe ya kupima sauti, yenye vijiti vya kijani vinavyopanda mtu akisema na kushuka akinyamaza.

Sasa nisaidie, maana nimechanganyikiwa. Havishuki.

Wiki moja baada ya kukuzika niliingia asubuhi. Kipaza sauti kimezimwa, studio kimya, vijiti vimesimama. Dada Teddy, yule msomaji wetu wa matangazo ya vifo, akapiga ishara ya msalaba. "Baba Beda bado yupo zamu," akasema. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, nikakuita kwa jina. Hukujibu, kama kawaida yako ukiwa na kazi.

Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Sifuri. Zamani tulikuwa tukiizima kila usiku, hitilafu ya mchana kutwa inafutika kabla hatujaigundua; siku hizi haizimwi. Tukapiga muziki wa dansi siku mbili mfululizo, na tuliponyamaza, vijiti viko juu tena.

Ulinieleza mara ngapi? Programu inajumlisha sauti inayoingia na kuitoa iliyokwisha kupita. "Kinachoingia ndicho kinachotoka," ulikuwa ukisema. Basi kimebaki nini? Mimi Mnyamwezi wa Tabora, hesabu nilifaulu kwa kuchungulia. Nimekaa na daftari lako siku nne. Nilichoambulia ni kwamba kompyuta ukiipa namba fupi, inakumbuka tarakimu chache za mwanzo tu. Jumla ikivimba, vile vidogo vya mwisho inavitupa, kwa hiyo sauti ndogo iliyoingia nzima haitoki nzima. Ni kama debe la mpunga wa Dakawa: unajaza, unamwaga, chembe mbili tatu zinabaki kwenye kona. Fanya hivyo mara milioni, debe tupu linakuwa na uzito. Nimeelewa? Jana niliamini hivyo. Leo asubuhi nimesoma tena, sikuamini.

Lakini ninachokielewa ndicho kinachoniumiza.

Unaukumbuka mwaka ule wasikilizaji wa Mgeta walipolalamika kwamba matangazo ya vifo ya jioni hayasikiki? Ukoo mmoja ulifika msibani kaburi limeshafukiwa. Bosi akakufokea mbele yetu: "Beda, wewe fundi gani, hujui sauti ndogo?" Ukasema vijiti vilikuwa juu, ndiyo maana ulikuwa ukiipunguza sauti. Tulipotoka nje ukaniambia kwa chini, "Masikioni niliisikia ndogo. Lakini vijiti nimeviandika mwenyewe, haviwezi kunidanganya. Mtani, masikio yangu yamekwisha."

Wewe! Uliyekuwa ukisikia kaseti inavuta ukiwa ng'ambo ya barabara! Ukanipa kiti chako, ukapanda kwenu Mgeta kulima kabichi. Nilipokuja kukuona ulikuwa hata salamu huitikii upesi, unamtazama mtu mdomo kwanza, huamini ulichosikia.

Na mazikoni, kwa kuwa mtani nina ruhusa, niliingia kaburini nikagoma kutoka mpaka nipewe soda. Nikapaza sauti: "Msipoteze machozi, kiziwi huyu hasikii!" Watu wakaangua kicheko. Shemeji Anjelina, mkeo, alicheka mpaka akamwegemea dada yake. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Kicheko kile sasa... basi tu.

Juzi nilimwambia bosi kosa halikuwa lako, lilikuwa langu. "Acha utani wako," akasema, akaenda zake. Hapo ndipo nilipokwama, Beda. Miaka yote hii nimewafundisha watu wasiniamini.

Jumamosi napanda Mgeta kwa shemeji na wanao. Nimetuma ujumbe mjomba wako awepo, ili wajue ni neno la ukoo, si mzaha. Nitaingia na shikamoo, nikae chini, soda sidai. Naahidi sitatoka kabla hawajaniamini, hata kama itabidi nilale hapo. Pumzika salama, kaka. Ndiyo, kaka, leo nimeshindwa kukuita vingine. Nitakayowaambia ni haya, wewe uyasikie kwanza.

Kabla ya malalamiko yale ya Mgeta, kompyuta ilikuwa inakwamakwama. Wewe ulikuwa likizo, na mimi nilitaka uikute inakwenda mbio, nionekane fundi. Nikafungua programu yako. Pale pa jumla ulikuwa umeweka namba ndefu, na juu yake umeandika: "Mtani, hapa usiguse." Nikadhani unanitania. Nikacheka peke yangu, nikazifanya fupi. Kompyuta ikaenda haraka kweli, nikasahau, sikumwambia mtu. Uliporudi ukakaa kwenye kiti, ukaipunguza sauti kwa kufuata vijiti, ukasikia ni ndogo. Na ilikuwa ndogo, Beda. Ilikuwa ndogo kweli.