Pembe ya Msingi Iliyofukiwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Msumari (ndivyo anavyojulikana na watu wote)
Umri: Miaka 53
Kazi: Mkulima, pia anafuga kuku wa mayai
Makazi: Nyumba ya udongo inayopakana na mashine ya kusaga, njia ya kwenda kisimani
Elimu: Darasa la tatu
Kuhusu: Kutoonekana kwa mwanawe wa kwanza

Afande, kabla sijasema neno nakusalimu wewe na wenzako wa zamu, na wote uliowaacha nyumbani. Kwangu mama mkwe anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini anakula. Binti yangu anayenyonyesha anakusalimu, na kichanga chake kimeanza kucheka. Mdogo wao wa mwisho yuko shuleni, naye anakusalimu. Hata shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, nakufikishia salamu zake, ingawa hajui kama nimekuja. Umeniambia niende kwenye jambo lenyewe. Nakwenda. Msumari sikumtaja kwenye salamu kwa sababu ndiye jambo lenyewe.

Mwanangu ana miaka ishirini na saba. Ni mwembamba, ndiyo maana wakamwita hivyo. Siku ya mwisho kumwona alivaa shati la bluu lenye kifungo kimoja cheupe, nilikishona mimi, na kaptura ya kazi.

Tulikuwa tunaomba kibali cha kujenga nyumba ya matofali. Hii ya udongo imepasuka ukuta wa nyuma, mvua ikija tunazungusha kitanda cha mama mkwe chumba kizima kutafuta pakavu. Miaka miwili tumekwenda ofisi ya ujenzi. Wametaka ramani, tumepeleka. Wametaka hati ya shamba, tumepeleka. Mwisho wakasema jirani lazima asimame mpakani mbele ya mpima, aseme ameridhika. Hapo tukakwama. Jirani ni Bwana Mashine, mwenye mashine ya kusaga. Kila mpima akija, yeye ana safari au ana homa. Msumari alikuwa akisema, "Mama, homa ya huyu mzee inasoma kalenda."

Mwezi uliopita mpima alichoka kumngoja, akapima bila yeye. Alisema banda la mashine limeingia kwetu, ila bila kuliona jiwe la zamani la mpaka hawezi kuliandika hilo. Jiwe lilishazama ardhini. Marehemu alimwonyesha Msumari mahali pake, na ni palepale pembe ya msingi wetu ingeanzia. Jiwe likionekana, banda linavunjwa. Hilo kila mtu alilijua.

Mnamo tarehe 6, siku ya Ijumaa, nilikwenda kusaga, Msumari amenibebea gunia. Mbele ya wateja akasema, "Mzee wangu, kesho nafukua jiwe. Usije ukasema hukualikwa." Watu wakacheka. Bwana Mashine naye akacheka, akasema, "Chimba, mwanangu. Udongo haujawahi kumkataa mtu." Mimi sikucheka. Njiani nikamwambia Msumari mtu mzima haambiwi vile mbele za watu. Akasema, "Mama, wewe unaogopa hata kivuli cha kuku."

Mnamo tarehe 7, Jumamosi, kama saa tisa alasiri, alichukua jembe na sururu akaenda kwenye ile pembe. Ukiwa mlangoni kwangu huioni, banda linaikinga. Nilikuwa naosha vyombo vya maji vya kuku, nikawa namsikia akichimba. Kisha mashine ikawashwa. Umeniuliza kwa nini nalikumbuka hilo. Ni kwa sababu hakukuwa na mteja hata mmoja, na mashine ilikuwa tupu. Ikiwa na nafaka inaguna. Ikiwa tupu inalia mpaka meno yanauma. Ililia hivyo mpaka jua likaanza kushuka. Ilipozimwa, sururu sikuisikia tena.

Nilimwita mara mbili. Nikaenda mwenyewe. Shimo halikuwepo. Udongo ulikuwa umerudishwa, umeshindiliwa, umemwagiwa maji. Bwana Mashine alikuwa ananawa miguu bombani. Nikamwuliza, "Baba, mwanangu yuko wapi?"

"Amepanda pikipiki, mama. Amesema anakwenda mjini."

"Na shimo?"

"Nimewasaidia kulifukia. Ng'ombe wasije wakatumbukia."

Msumari haendi mjini na kaptura ya kazi. Anajipenda mno. Na simu yake ilikuwa kwangu, inachaji. Jembe na sururu sijaviona mpaka leo.

Jumapili tulimtafuta kwa mchumba wake, kwa rafiki zake na hospitali. Mchumba wake alianza kulia nikamkataza, nikamwambia mtu aliye safarini haliliwi.

Mnamo tarehe 9, Jumatatu, alasiri, shemeji alikuja nyumbani pamoja na Bwana Mashine, mzee amevaa koti. Kumbe walitoka ofisi ya ujenzi. Bwana Mashine alikuwa amesimama mwenyewe mbele ya ofisa, akaridhia mpaka kama ulivyo, na kibali kikatoka siku hiyohiyo. Kimetoka kwa jina la shemeji, kwa kuwa shamba la marehemu bado liko mikononi mwake. Alikuwa anakipeperusha. "Shemeji, piga vigelegele!"

Nikamwambia, "Nipige vigelegele mtoto haonekani?"

"Atarudi akute ukuta umesimama. Vijana ndivyo walivyo."

Bwana Mashine akasema anatupa kokoto na saruji, zawadi ya ujirani, na vibarua wake watamwaga zege Alhamisi asubuhi, kuanzia ile pembe. Nikauliza kwa nini waanzie pale. Hakunitazama. Akasema, "Pale udongo umeshalainika, mama."

Mtu huyu alitunyima neno moja kwa miaka miwili. Mwanangu hajafikisha siku tatu hayupo, anatupa kila kitu.

Jumanne lori lilimwaga kokoto. Nikamwomba shemeji angoje kidogo. Akanijibu kibali kikilala bila kazi kinafutwa, na mimi ndiye niliyekililia. Ni kweli, nilikililia. Shemeji si mtu mbaya, afande. Anapenda vya bure, basi.

Leo tarehe 11, Jumatano, kulipokucha niliazima jembe nikaenda kwenye pembe. Nilitaka kuchimba mwenyewe. Nililiinua, nikashindwa kulishusha. Niliona kama nikipiga kwa nguvu nitamwumiza. Najua hayo ni mawazo ya mtu asiyesoma. Nikaliweka chini nikaanza kuparura kwa mikono. Bwana Mashine akatoka, akasimama mlangoni mwa banda na kikombe cha chai. Hakunikataza. Alinitazama tu mpaka chai ikaisha, akasema, "Pole na kazi." Ndipo nikaja hapa kwa miguu.

Umeniuliza kama niliona damu. Sikuona. Kama nilimwona akimpiga mwanangu. Sikumwona. Sisemi amemuua. Neno hilo halijatoka kinywani mwangu na nakuomba usiliandike.

Ninachoomba ni mtu wa kuchimba polepole kabla zege halijamwagwa. Wakikuta jiwe peke yake, nitamwomba Bwana Mashine radhi mbele ya watu wote, nitapiga na magoti.

Niliyoyasema ni haya, niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Nileteeni jibu upesi, leo hii, msingoje kesho. Simu ya Msumari ninayo mimi, pigeni, nitapokea hata nikiwa kwenye swala.

Alama ya shahidi: (dole gumba la kulia; kucha zina udongo)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, askari wa zamu, tarehe 11, na nimemsomea shahidi kwa sauti, akayakubali isipokuwa neno moja alilotaka lifutwe. Sikulifuta. Nimepiga simu ofisi ya ujenzi: wanasema kibali ni halali, na kazi yenye kibali hawaisimamishi bila barua, na mwenye kuandika barua atarudi Ijumaa. Gari la kituo limekwenda na mahabusu. Shahidi ameelezwa yote hayo. Ameuliza kituo kina mabeleshi mangapi. Yako mawili. Tunaondoka naye sasa, kwa miguu.