Sarafu za Babu Ndani ya Nta

Itigi Stesheni,
14 Julai, 1988.

Mpendwa Mama Mdogo Theodora,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, na goti limepunguza kuuma. Mtama umeshaingia ghalani? Mimi ni mzima, ila mgongo. Kupakia mabehewa ni kazi ya punda, na punda naye hupumzishwa.

Mama, nimeona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naacha kutafuna.

Lile bonge la nta la Babu, ulilokuwa ukilipitishia uzi wa kushonea vibuyu, ulinipa nilipoondoka ukasema nikikwama niliuze. Juzi nilikwama. Nikalipeleka kwa Bwana Antipasi, Mnyamwezi anayenunua nta hapa stesheni. Alipoliweka kwenye mizani akanitazama vibaya, maana kuna watu hutia mawe ndani ili nta iwe nzito.

"Nyie Wanyiramba," akasema mbele za watu, "hata nta yenu ina mimba."

"Basi izalishe," nikamjibu. "Ikizaa jiwe, niite mwizi."

Akalitumbukiza kwenye pipa la maji ya moto. Wapakizi wenzangu wakasogea kutazama. Nilijibu kwa kiburi, lakini mle ndani sikuwahi kuona. Kama ni mawe, hapa Itigi nisingepata kazi tena. Nta ikayeyuka, ikaelea. Antipasi akachota chini kwa upawa, na hakuna aliyecheka.

Zilikuwa sarafu. Za fedha zina mtu aliyevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia kuna ndege. Nyingine zina tundu katikati, zimeandikwa Heller, nami nikalisoma neno hilo mara mbili, kumbe ndiyo hela hii tunayoitaja kila siku. Halafu zipo za manjano, zimegongwa ovyo ovyo, zina mwaka 1916 na herufi T. Antipasi, ambaye baba yake alikuwa fundi wa reli, akasema hiyo ni Tabora. Wajerumani waliishiwa pesa wakati wa vita, wakazitengeneza kwenye karakana ya treni. Zote zilitoka safi, kama za asubuhi ileile.

Mlituambia Babu aliwabebea Wajerumani mizigo vita nzima, akarudi mikono mitupu. Kumbe alirudi na mshahara wake. Naona Waingereza walipoingia ukawa haununui hata chumvi, naye hakuutupa. Kwa nini aliufunika kwa nta sijui. Najua tu kwamba mtu aliyebeba mizigo kama mimi alishika hizi, na nilipozishika nilivua kofia bila kufikiri.

Sasa sikiliza. Yupo Bwana Gaspari, anapita na treni akikusanya sarafu za zamani na za kigeni. Zamani tungeitwa walanguzi, siku hizi biashara imefunguliwa, anazitandaza mezani mchana kweupe. Anataka zote, atanipa cherehani nzima ya miguu. Kushona ulinifundisha mwenyewe. Nikiwa na cherehani, magunia basi. Nisipokuwa nayo, sidhani mgongo huu utafika masika mengine. Nasema kweli, naitamani.

Lakini Babu amebakiza mtoto mmoja tu, ni wewe. Nimemwambia Gaspari asubiri neno lako. Amenung'unika, amekubali.

Barua hii anaileta Stumai, yule muuza vitunguu wa hapo kwenu. Nimempa na sarafu moja ya Tabora, imefungwa kwenye kitambaa. Nisalimie Winfrida na watoto wake, na Mzee Festo, mwambie shikamoo yake ipo palepale. Mungu akutunzie goti na macho.

Usinijibu siku hiyohiyo, Mama. Ishike kwanza, mshahara wa baba yako, ulale nayo. Ukisema zote ziende, nitashona. Ukisema zibaki, nitabeba.

Mwanao akupendaye siku zote,
Clement